Maswali yenu ya saa: "Ameniambia ni ex-Japan, haijaguswa"

SWALI: Mzee, habari ya Nakuru. Mimi niko huku Kisumu, Kondele, nauza spea za magari. Kuna jamaa ananiletea saa ya Seiko, ile ya wapiga mbizi, SPB143, anasema ni ex-Japan imevaliwa na mzee mmoja wa Tokyo wikendi wikendi tu (sijui alijuaje). Anataka elfu themanini na tano. Boksi hakuna, karatasi hakuna, ni saa na cheni yake. Mzee hiyo saa ni safi mpaka nashindwa kulala, lakini mabeshte wananicheka eti nimeshikwa, eti hiyo ni kopi ya saa ya kitambo ya 1965 wakabadilisha badilisha, si ninunue ya betri ya elfu mbili pale soko la Jubilee nikae na pesa zangu. Bibi bado sijamwambia. Nifanyeje?
Mtu wa Spea, Kondele

JIBU: Mtu wa Spea, ya bibi sitaingilia, hiyo utajipanga mwenyewe. Ya hao mabeshte ndiyo naweza kukusaidia, juu wamesema ukweli nusu.

Ni kweli hiyo saa imefuata saa ya 1965. Lakini aliyeiiga ni nani? Ni Seiko wenyewe. Mwaka huo wa 1965 walitoa saa ya kwanza ya Japani ya wapiga mbizi, wapenzi wa saa wanaiita 62MAS, ya kuhimili maji mita 150, na watafiti wa Kijapani walienda nayo mpaka Antaktika kwenye barafu. Ikakaa, ikasahaulika, watu wakaanza kuitafuta kama dhahabu. 2017 Seiko wakaitengeneza upya karibu vile ilivyokuwa, vipande 2,000 tu dunia nzima, bei ya kulia. Alafu 2020 ndiyo wakatoa hiyo yako, ambayo si ile ile, ni shepu ya kitambo lakini ndani mambo ni mapya. We ni mtu wa magari utanielewa haraka: ni kama Toyota waamke kesho waseme tunaunda tena KE70, ile Corolla ya kitambo, bodi inakaa ile ya baba yako, lakini ukifungua boneti ni injini ya leo. Utaiita hiyo kopi? Kopi ni ile mtu wa kiwanda kingine amechora KE70 akabandika nembo ya Toyota. Na hizo pia ziko kwa saa, tutafika hapo.

Bei kwanza. Ikitoka mpya 2020 ilikuwa inauzwa dola 1,200 huko Marekani, ukipiga kwa dola ya shilingi 129 hivi ni kama laki moja na hamsini na tano, na hapo bado hujaongea na KRA, ushuru wao na VAT ya 16%. Kwa hivyo themanini na tano kwa mtumba bila boksi si wizi na si zawadi, ni bei ya kuanzia mazungumzo. Angekuambia elfu kumi na tano ningesema kimbia.

Lakini ngoja nikwambie kitu mtu wa spea anajua kushinda mimi: hakuna muuzaji amewahi kusema gari yake haikuwa ya mzee wa kanisa. Hiyo stori ya mzee wa Tokyo iweke pembeni. Hununui mzee, hununui 1965, hununui hata Seiko, unanunua kile chuma kiko mkononi mwako na vile kimetunzwa. Sasa tukiangalie.

Mashine yake inaitwa 6R35, haina betri, ndani kuna kipande kizito cha nusu duara kinazunguka ukitembeza mkono na ndicho kinapiga ufunguo chenyewe. Ikijaa inatembea saa 70. Shika hiyo sabini, ndiyo silaha yako. Juu hizi saa za kuungwa ungwa, yaani mtu amenunua bodi na uso wa kufanana kutoka China akaweka mashine nyingine ndani, mara nyingi wanatumia mashine inaitwa NH35, ambayo si mbaya hata kidogo, ni ya hao hao Seiko, lakini ni ya bei ya chini na inakaa saa 41 peke yake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha ukiwa umesimama kwa duka, zote sekunde inatembea laini, zote ukivuta kinobu cha pembeni sekunde inasimama, zote zina tarehe pale upande wa kulia wa uso. Lakini haziwezi kukudanganya kwa wakati. Mwambie jamaa akuachie saa wikendi, umwachie kitu cha maana kama dhamana, hata nusu ya pesa mbele ya mtu mnayemwamini nyote. Ijumaa saa kumi na mbili jioni fungua kinobu, zungusha mpaka uchoke (haivunjiki, ikijaa inateleza tu ndani), ilaze kwa meza, usiiguse. Kama ni 6R35 na iko na afya, utaikuta inatembea Jumatatu ukienda kazi, na itaenda mpaka karibu saa kumi jioni. Ikizima Jumapili saa tano asubuhi watu wakiwa kanisani, kuna mawili, ama mashine imechoka inataka sevisi ama si mashine uliyoambiwa. Yote mawili yanashusha bei, moja inashusha mpaka chini kabisa.

Nakwambia hivi juu nimeumia. Miaka kadhaa nyuma hapa Nakuru niliuziwa moja kama hiyo, bahasha, kitambaa cha kupangusia, maneno matamu, nikaivaa kama chifu. Ilizima Jumapili. Nikajidanganya labda sikuipiga ufunguo vizuri. Jumapili iliyofuata ikazima tena, saa ile ile karibu. Nikampelekea fundi wangu mmoja mzee sana, anakaa na kasanduku kake ka kioo kwa veranda ya duka la nguo, akaifungua, akanyamaza, akanipa ile miwani yake ya jicho moja nione mwenyewe. Sikuongea siku mbili.

Kwa hivyo hiyo ni ya kwanza. Ya pili, kama kuna fundi unamwamini na ana kifaa sahihi cha kufungulia mgongo, mlipe akufungulie mbele ya muuzaji, jina la mashine limeandikwa ndani. Muuzaji akikataa kabisa kabisa na hana sababu, umeshajibiwa. Ila ujue ukiifungua lazima mpira wa ndani uangaliwe kabla ya kufungwa, usikubali mtu akandamize tu kama sufuria.

Huko mgongoni pia kuna namba ya tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Saa ilianza kuuzwa 2020, kwa hivyo unatarajia ianze na 0, ama 1, ama 2, na kuendelea. Ukikuta inaanza na 7, muulize 7 ilitoka wapi saa haijazaliwa. Hii haithibitishi kwamba ni yenyewe, juu mtu anaweza kuchonga namba yoyote, lakini inamkamata yule mwongo mvivu, na wengi ni wavivu.

Alafu bodi. Hiyo saa ikiwa mpya ina kingo kali, pale chuma cha kung'aa kinapokutana na kile kimekwaruzwa mistari kuna laini imenyooka kama rula. Na juu ya chuma wameweka ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo, wanaiita Diashield. Sasa kuna watu wakiona mikwaruzo wanaipeleka kwa mashine ya kusugulia inatoka inang'aa kama kijiko cha harusi, na kingo zote zimekuwa mviringo kama sabuni imetumika wiki. Hapo ngozi imeenda na shepu imeenda na hairudi. Mimi afadhali mikwaruzo ya ukweli kuliko kung'aa kwa uongo. Kioo ni cha yakuti, kigumu sana, hakikwaruziki ovyo, kwa hivyo ukikuta kioo kimejaa mistari kama simu ya makanga, uliza kama kimebadilishwa na cha kawaida.

Kuna kitu kimoja watu wanakimbia bure. Ile ringi ya juu inayozunguka, ukiangalia kama alama yake imelingana na alama ya juu kabisa ya uso, unaweza kukuta imepotoka kidogo. Kwa Seiko hiyo ni tabia, hata mpya dukani zingine ziko hivyo, watu wamelalamika miaka na miaka. Usiitumie kusema ni feki, itumie kuomba upunguziwe. Cha kuangalia ni kwamba inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mishale, vibofyo 120 kwa mzunguko mzima. Inaenda upande mmoja juu mpiga mbizi anahesabu nayo dakika za hewa, ikigongwa kwa bahati mbaya itamwonyesha amekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, atapanda mapema, hatakufa. Ikizunguka pande zote mbili, weka chini uende nyumbani.

Na kuhusu wakati wenyewe, hapa mabeshte wako wana pointi. Kiwanda kinasema hiyo mashine inaweza kuwa mbele sekunde 25 kwa siku ama nyuma sekunde 15 na bado ni sawa. Piga hesabu: sekunde 25 mara siku thelathini ni dakika kumi na mbili na nusu. Ile ya betri ya elfu mbili itaishinda hii kwa kusema saa, kila siku, bila jasho. Kama unataka saa ya kutopitwa na basi nunua ya betri, siongezi neno. Hii unanunua kwa sababu nyingine, na hiyo sababu ulishaiandika mwenyewe pale uliposema hulali.

Ila ikienda mbele dakika nzima nzima kwa siku hiyo si tabia, hiyo kuna uwezekano ni sumaku. Na we unauza spea! Spika za gari zina sumaku kubwa nyuma. Hii saa inavumilia sumaku kiasi, ushauri wa kiwanda ni usiisogeze chini ya sentimita 5 karibu na vitu kama hivyo. Isogeze kwa simu yenye dira, mshale wa dira ukiyumba sana unajua. Kuitoa sumaku ni kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa, usikubali kulipishwa sevisi nzima.

Mwisho kwako: mpe elfu sabini baada ya ile wikendi. Kama imepita yote mtakutana hapo katikati. Andikeni kakaratasi, jina lake na kitambulisho, juu saa ya wizi haina harufu. Na usitume deposit ya "kushikilia" kwa M-Pesa hata aseme kuna mtu wa Eldoret yuko njiani. Huyo mtu wa Eldoret yuko njiani tangu nikiwa kijana.

SWALI: Mimi navua omena usiku huku Mbita. Nilinunua Seiko kama hizo za mbizi kwa mkono wa pili, imeandikwa mita 200. Naweza kuruka nayo ziwani? Asubuhi nyingine naona kama kuna mvuke ndani ya kioo alafu unaisha.
Wa Omena

JIBU: Omera, itoe mkononi leo, usingoje kesho.

Ziwa lote la Victoria, hata pale penye kina zaidi, ni mita 80 na kitu. Yaani saa ikiwa mpya kabisa ungeizamisha chini kwenye tope la ziwa na bado ingekuwa na akiba ya kutosha. Lakini hiyo 200 iliandikwa siku ilipotoka kiwandani na gasketi mpya. Gasketi ni mpira, mpira unakauka, unabanwa, unakatika, na maandishi kwenye uso hayajui. Mtumba wowote ambao hujui mara ya mwisho ilifunguliwa lini, uchukulie haina mita hata moja mpaka upimwe.

Huo mvuke ndio shahidi. Kuna kipimo cha nyumbani, na hata kiwango cha kimataifa cha saa za mbizi kina kitu kama hicho: pasha saa joto kiasi, iache juani mpaka iwe na joto la kutosha mkononi lakini isichome, alafu dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, ngoja dakika moja, pangusa, angalia. Ukungu ukibaki upande wa ndani, maji yako ndani tayari. Na yako haihitaji hata kipimo, imejionyesha yenyewe. Ipeleke ifunguliwe ikaushwe kabla kutu haijaanza kula mashine, gasketi zote zibadilishwe, ya mgongo na ya kinobu, alafu ipimwe kwa mashine ya presha. Muulize fundi moja kwa moja kama anayo hiyo mashine. Fundi wangu wa kwa veranda hana na anakwambia hana, ndiyo maana namwamini, yeye anatuma kwa mwenzake Nairobi.

Ikirudi imepona, kinobu kiwe kimefungwa skru mpaka mwisho kabla ya maji, na usikiguse ukiwa majini ama mkono ukiwa umelowa. Kwa usiku utaipenda, ile rangi ya kung'aa gizani ya Seiko ukiipiga tochi ya karabai zako dakika chache inawaka mpaka inaudhi.

SWALI: Niko Nakuru, Section 58. Nina Seiko ya mbizi, SKX007, nilinunua zamani nikiwa chuo. Rafiki ananiambia nimpe hiyo na elfu ishirini anipe ya kwake mpya yenye shepu ya kitambo. Ni dili?
Jirani

JIBU: Jirani, usimpe.

SKX007 ilitoka 1996, wakaacha kuitengeneza 2019, na tangu hapo bei yake imepanda. Ni kweli mashine yake ya 7S26 ni ya kijijini, huwezi kuipiga ufunguo kwa mkono, ukivuta kinobu sekunde inaendelea tu kama haijakuona, na hukai nayo hata siku mbili mezani. Lakini ni yako, umeivaa chuo, umeigonga milango. Huyo rafiki akiwa na haraka na elfu ishirini zako, jiulize haraka ya nini. Nipitie unionyeshe hiyo ya kwake, niko karibu.

SWALI: SPB143 na SBDC101, tofauti ni nini? Nimeona zote zinauzwa na zinafanana kama pacha.
Kakamega

JIBU: Ni saa moja. SBDC101 ni jina lake ikiuzwa Japani, SPB143 ni jina lake ikitoka nje. Anayekuongezea bei eti moja ni ya Japani hasa, mwambie asante.

SWALI: Mzee hii si swali la fundi sana. Nilijinunulia hiyo ya shepu ya 1965, ya mtumba, niko nayo mwezi wa tatu sasa na sijajuta. Shida ni dani yangu, yaani nyanya yangu, huku Ahero. Nikiingia ananishika mkono anaangalia saa, na kila mara anaisema sawa sawa kabisa, "saa nane na robo," na mimi nikiangalia mshale uko kwa mbili. Hajui Kiingereza, hajui hesabu ya kuondoa sita. Anafanyaje?
Mjukuu, Ahero

JIBU: Mjukuu, dani yako anasoma mkia. Mshale mfupi ukielekea mbili, upande wake wa nyuma, ukiuchora uendelee moja kwa moja mpaka ng'ambo ya pili, unaangukia nane. Saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua likichomoza, ya Wazungu inaanza usiku wa manane, tofauti ni sita, na sita kwenye duara la kumi na mbili ni kinyume kamili. Wazee wengi walijifunzia hivyo, hakuna kuondoa wala kuongeza.

Na hiyo saa yako imemfaa kushinda yoyote ungeweza kununua, juu wale Wajapani wa 1965 hawakuandika namba hata moja ya saa kwenye uso wake, waliweka vijiti tu, na hiyo yako imefuata. Hakuna kitu pale cha kumwambia amekosea. Wewe ndiye uliyekuwa unasoma ya Wazungu.

Kitu kimoja tu. Akitaka kubadilisha tarehe, na najua atataka, usimwache kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Hapo ndani meno ya tarehe yanakuwa yameshikana yakijiandaa kugeuza siku, ukilazimisha unavunja. Mwambie asubuhi baada ya chai.